Nimeizima Waifai ya Mama Asijue Kwamba Mdogo Wangu Amefariki

Mpendwa mshauri, naomba msaada nikiwa nimeketi dukani kwangu katikati ya laptopu za watu nilizozifungua matumbo, maana mimi ambaye watu huniletea vilivyoharibika, safari hii nimeharibu mwenyewe, tena nyumbani kwetu. Ni fundi wa kompyuta, na naishi na mama yangu, fundi cherehani mstaafu, ambaye moyo wake ni mgonjwa na macho yake hayawezi tena kioo cha simu, kwa hiyo mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipokwenda nchi ya mbali kufanya kazi ya ujenzi alimwachia laptopu yake kuukuu yenye kioo kikubwa. Kila jioni mama alikuwa akiiweka juu ya meza ya cherehani, wanaonana, wanataniana, anamkagua kama amenyoa, na siku akimwona amekonda chakula hakimpiti kooni.

Laptopu ile ina uzee wake. Kuna wakati ilijisasisha yenyewe, na ile programu inayoiendesha kadi ya waifai, sisi mafundi tunaiita draiva, ikaja mpya isiyoelewana na kadi ya zamani, alama ya mtandao ikapotea kabisa, mama akaniita akilia kwamba mwanawe amezimika, nami nikaondoa draiva mpya nikarudisha ya zamani, mtandao ukarudi, akaniombea dua mpaka nikaona haya. Tangu siku ile anaamini hakuna ugonjwa wa mashine ile nisioujua.

Mshauri, mdogo wangu amefariki. Jukwaa la ujenzi lilivunjika akiwa juu, wenzake wakampigia mjomba, na akazikwa huko huko. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka hospitali alikokuwa amelazwa tangu kabla ya ajali, laptopu yake imefungwa nyumbani, daktari ametuonya asipate mshtuko, basi mjomba akatukusanya uani akasema mama asiambiwe mpaka apate nguvu, kisha akanigeukia mimi: "Wewe ndiye unayekijua hicho kidude. Kizime." Nikaingia chumbani mama akiwa amejilaza, nikaiwasha laptopu, na kabla haijakamata mtandao nikaenda kwenye orodha ya vifaa vyake vya ndani nikaizima kadi ya waifai, wala sikuhitaji kuvuta kiti, na alipoamka nikamwambia ule ugonjwa wa draiva umerudi.

Sasa kila jioni naketi mbele yake nikijifanya natengeneza. Napakua draiva kwa simu yangu, nazihamisha kwa flashi, naweka hii, nafuta ile, nazima na kuwasha, na yeye yuko pembeni ananishikia tochi kama vile kuna sindano iliyodondoka. Hatua zote amezikariri. Ananikumbusha, "Jaribu tena ile ya zamani, wakati ule ilikubali." Anasema cherehani ikigoma fundi habishani nayo, anabadilisha sindano, basi na mimi nibadilishe kadi. Nikamwambia kadi za laptopu za umri ule hazipatikani tena, na kumbe droo yangu hapa dukani imejaa hizo hizo. Alipoomba tutumie simu yangu nikamwambia mtandao wa kambini kwao unashika laptopu kwa laptopu tu, uongo ambao mteja wangu yeyote angeucheka, lakini yeye aliitikia kwa kichwa kwa sababu nimesema mimi.

Daktari sasa anasema lazima apasuliwe, na mama amekataa. Aliniambia kwa upole kabisa, "Siingii huko kabla sijauona uso wa mwanangu. Nikifa, nife tumeagana." Mjomba amekuja na wazo kwamba kwa kuwa ninayo nywila ya mdogo wangu, niiwashe kadi na nimwandikie mama kwa jina lake, niseme kamera imeharibika lakini yuko salama na anamsihi akubali, halafu akipona ndipo tumwambie. Shangazi anasema mama mzazi hujua, ameshajua moyoni, anatupima tu. Na jana mama ameniambia kama nimeshindwa si aibu, ataipeleka kwa fundi mwingine, na fundi yeyote akiifungua ataona papo hapo kwamba kadi ni nzima na kuna mkono ulioizima. Je, nimwandikie? Ninyamaze? Nafunga laptopu za watu nikisahau skrubu mezani, na mdogo wangu mwenyewe sijamlilia, kwa sababu nyumbani kwetu hajafa.

Fundi Aliyekwama

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nakupa mimi, kwa kuwa katika barua yako yote sioni aliyekupa. Mlikuwa na kazi ya kuficha. Funga duka nusu siku umlilie mdogo wako. Ukimaliza, rudi hapa unisikilize, kwa sababu nina maneno hutayapenda.

Wazo la mjomba litupe. Ukimwandikia mama kwa jina la marehemu, siku atakapojua, na atajua, atakuwa amefiwa na mtoto mmoja na kumpoteza wa pili akiwa hai. Mwambie mjomba nimekataa mimi, na akinuna anune. Ni rahisi kusema "kizime" ikiwa si wewe unayeshikiwa tochi jioni.

Shangazi naye asikufariji kwa maneno matamu. Mama yako hajui. Angekuwa anajua asingekariri draiva. Anaketi pale akitumaini, kila jioni, na wewe unamwangalia akitumaini. Hilo ndilo linalokusahaulisha skrubu, mwanangu, wala si uchovu.

Najua mlianza kwa huruma. Lakini daktari alisema asishtuliwe, hakusema adanganywe, na uongo mliosema unamlinda moyo ndio huo unaomzuia asiutibu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mezani kwa fundi mwingine. Unataka mama asikie habari hii kwa mtu baki mwenye bisibisi mkononi, anayedhani anamsaidia?

Kesho, kabla ya duka, nenda kwa daktari umweleze yote, hata ya kadi. Muulize mama aambiwe wapi na nani awe karibu. Nadhani atataka iwe hapo hapo hospitalini. Mjomba na shangazi waje, wakae, wanyamaze. Useme wewe, umeshika mkono wake, na utumie neno lenyewe: amefariki. Usiseme "hatunaye" wala "ametangulia," akabaki anatafuta maana. Na siku hiyo hiyo mwambie nani aliizima kadi na kwa nini. Usimwachie jeraha la pili la kuligundua baadaye. Akikufukuza, toka ukae nje ya mlango, usiende nyumbani. Kuhusu kupasuliwa, ataamua mwenyewe akishajua, na akikataa bado, mtaheshimu, ingawa mtaumia.

Kuna jambo moja ambalo wewe, fundi, ulipaswa kulifikiria kabla yangu. Kadi hiyo usiiwashe kabla hujamwambia. Mama alipokuwa amelazwa laptopu ilikuwa imefungwa, na kijana alikuwa bado hai, mama yake yuko hospitali. Unadhani hakumtumia chochote siku zote hizo? Alituma. Maneno yake yako mahali yanasubiri mtandao, na ukiuwasha leo yataingia moja baada ya jingine, naye ataamini mwanawe amerudi.

Mwambie kwanza. Kisha siku atakayoomba mwenyewe, iweke laptopu pale ilipozoea kukaa, uiwashe kadi akiona, na usiguse kitu kingine. Asome polepole, asikilize kama kuna sauti, arudie anavyotaka. Usimfutie, usimharakishe. Kijana wake alikuwa anamuaga bila kujua, na ninyi ndio mliomfungia mlango. Mfungulie, ukae naye mpaka amalize.