Ulimi wa Hana

Kikuyu, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mtama wa huko Haneti umeshaingia ghalani? Sisi hatujambo, ila vumbi linatumaliza.

Umeniuliza mara tatu kwenye simu kama Hana atakuja kwako likizo hii, nami nikawa najibu tutaona. Najua umekasirika. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniwahi kwa kicheko, nami nisingemaliza.

Mambo yalianzia kazini, pale kiwandani ninapowaonjesha wageni mvinyo wa zabibu. Mwezi uliopita alikuja Mjerumani na kijana wake wa miaka kumi na sita, akaniomba niwamiminie wote wawili. Nikamwambia sheria yetu ni kumi na minane. Akashangaa kabisa, akasema kwao huyo kijana angejinunulia bia dukani bila kuulizwa. Wiki hiyohiyo akaja binti wa Kimarekani wa miaka ishirini. Huyo aliniuliza mara mbili kama kweli anaruhusiwa, maana kwao bado mwaka mzima. Alishika glasi kwa mikono miwili huku akitazama mlango, kama mtoto aliyeiba sukari. Habibu, mwenzangu kutoka Kondoa anayepanga chupa na hajawahi kuonja hata tone, akasema kwao umri huo haufiki mpaka unazikwa.

Nilicheka, lakini nikabaki najiuliza. Mtu ni yuleyule, anavuka mpaka tu, mara mtoto, mara mtu mzima. Sasa nani anajua mtoto anakua lini?

Basi Jumapili nilikuwa natengeneza togwa. Hana akachovya kidole, akalamba, akafumba macho, akaniambia bado siku mbili, bibi asingeipokea. Ana miaka minane, Mama! Nikamuuliza kajuaje, akajibu kwa fahari kwamba yeye ndiye mwonjaji wako wa pombe, kwa kuwa ulimi wa mtoto haudanganyi. Maneno hayohayo uliniambia mimi.

Sikukasirika, maana najua hukuwa na nia mbaya. Ndivyo bibi yangu alivyokufanyia na wewe. Lakini niliogopa, na sababu ya woga wangu sijawahi kukuambia.

Unakumbuka mwaka ule nilipoanguka kando ya zizi, ukanibeba mgongoni hadi zahanati? Muuguzi akapima asione kitu, akasema labda vijidudu vimejificha. Haikuwa malaria, Mama. Ulinituma nionje, nami nikaonja kata tatu. Harufu hukuisikia kwa sababu nyumba nzima ilinuka pombe, na wewe pia. Nilizinduka nikakukuta unalia, nikaona aibu, nikanyamaza. Na kila mwaka unaposimama kanisani kutoa ushuhuda wa mwanao aliyerudishwa kutoka kaburini, mimi huinamisha kichwa, na watu hudhani naomba.

Nisamehe. Hana atapanda basi Jumamosi. Mfundishe kuotesha kimea, kusaga, kuchuja, yote unayoyajua. Kuonja, onja mwenyewe, hata kama ulimi wako umezeeka. Goti lako hilo haliwezi tena kubeba mtoto hadi zahanati.

Ushuhuda wako usiuache, Mama. Mungu alinirudisha kweli. Ugonjwa tu ndio usiutaje.

Nisalimie Baba, na Mama Elieza hapo jirani. Hana naye anakusalimia kwa Kigogo, anasema mbukwenyi.

Mwanao mwonjaji,
Ruthu