Sindano Uliyoikataa, Baba

Ruanda, Mbozi. Jumapili, baada ya ibada.

Baba,

Kahawa ya mwaka huu imeshavunwa. Mama bado anasonga ugali wa watu wawili, kisha anakaa anauangalia. Nakuandikia kwa sababu ugonjwa wa tezi dume umerudi kwenye ukoo wetu. Safari hii ni Baba mdogo.

Alianza kama wewe: kuamka kila mara usiku, kusimama muda mrefu nyuma ya migomba, mkojo ukitoka kwa matone. Vipimo vimeonyesha saratani, kama yako. Ameambiwa achomwe sindano ya kupunguza homoni ya kiume, naye amekataa kwa maneno yako yale yale. Nakumbuka ulivyotoka kwa daktari ukicheka kwa hasira: "Nimehasi ng'ombe wangapi kwa mikono hii? Leo kabinti kadogo kanataka kunihasi mimi! Wanifunge plau pamoja na maksai?" Hukutaka kusikia zaidi. Tukarudi nyumbani.

Baada ya mazishi yako nilimrudia yule daktari. Alinieleza taratibu. Tezi ile haikui yenyewe tu. Homoni inatoka kwenye korodani, inasafiri na damu, inazifikia seli zinazoishikilia tezi, nazo zinaziambia seli jirani zigawanyike. Uzeeni mawasiliano hayo yanaweza kupita kiasi, tezi ikavimba na kubana njia ya mkojo. Huo ni uvimbe wa kawaida. Saratani ni jambo jingine: seli zimeharibika, ila mara nyingi bado zinaitegemea homoni ile ile. Ikipunguzwa, nyingi zinasinyaa. "Asingepona," alisema, "lakini maumivu ya mifupa yangepungua, na huenda angepata muda."

Muda, Baba. Hata msimu mmoja tu.

Jana nilimweleza Baba mdogo yote hayo. Akasema, "Kaka yangu alikufa mwanaume." Nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia yale ambayo hakuyaona, maana ulikataza mtu yeyote kuingia chumbani: ulivyolia nilipokugeuza, miguu ilivyokataa, nilivyokuosha huku umefumba macho ili usinione. Nisamehe kwa kuyatoa nje. Baba mdogo akauliza, kwa sauti ndogo, kama sindano yenyewe inauma.

Tunakwenda kesho. Anaogopa. Mimi pia naogopa, kwani daktari hakuahidi kitu, na Baba mdogo amekonda mno. Lakini ameniomba tuingie wote mpaka ndani. Wewe uliniacha kwenye benchi, nikabaki naangalia mlango.

Nakuahidi nitaingia naye. Nitauliza asichoweza kuuliza, na watu wakianza kumcheka hapa kijijini watanikuta mimi mlangoni kwake.

Lala sasa, Baba. Alfajiri nakwenda kumpitia mdogo wako.

Mwanao.