Salamu Tulizompa Mgeni wa Mashine

Jumatatu, 8 Septemba
Mwanangu Tausi kanipaka uji usoni sasa hivi, kisha kacheka mwenyewe. Mwaka mmoja na nusu, utundu wa miaka kumi. Namwacha kwa jirani, Mama Yusta, nawahi zamu kiwandani. Meza yetu ya kufunga biskuti tuko wanawake kumi na wawili. Mashine mpya imeshaletwa. Imefunikwa turubai. Siipendi.

Jumatano, 10 Septemba
Wameiwasha. Inamaliza pakiti kabla sijakunja karatasi ya kwanza. Bi Somoe, mkubwa wetu pale mezani, kasema, "Mke mwenza huyo! Wala haombi ruhusa ya chooni." Tukacheka. Nikikosa kazi, Tausi anapelekwa kwa mama, Newala. Mama keshasema. Sitaki.

Alhamisi, 11 Septemba
Kaja dada mmoja mgeni na kishikwambi. Anachunguza mashine imetugusa vipi sie wafanyakazi. Wakubwa watasoma majibu yetu ndipo waamue wapunguze watu au la.
Habari za kazi? Nzuri.
Mashine mnaionaje? Nzuri tu, tunashukuru.
Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni humpokei kwa kumtajia shida. Kwanza salama, akishakaa ndiyo mambo mengine. Tukamletea kiti na soda. Tukangoja aulize tena.
Kanywa soda, kaaga.

Ijumaa, 12 Septemba
Nauchukia mdomo wangu. Bi Somoe anasema tumfuate. Tumfuate wapi? Hata jina hatukumuuliza.

Jumatano, 17 Septemba
Msimamizi katusomea ripoti. Wafanyakazi wameipokea mashine vizuri, hawana malalamiko. Bi Somoe kanyoosha mkono: "Baba, zile zilikuwa salamu!" Msimamizi kacheka, kadhani utani.
Wanabaki wanne. Mie simo. Bi Somoe hayumo.
Msimamizi kanipa mkono wa kwaheri. Nikamwambia asante. Asante ya nini?

Ijumaa, 19 Septemba
Tausi kalala. Nguo zake nimeshazikunja. Mama yuko njiani anakuja kumchukua. Miezi miwili tu, nikipata kazi namrudisha. Naamini hivyo.
Labda yule dada atarudi. Viwanda viko vingi, mashine zinaendelea kuja. Najizoeza hapa kumjibu. Dada, karibu. Sina ugomvi na mashine. Ila mngetuuliza mara ya pili, ningewaambia kwamba mie na mwanangu
Mama kafika. Anaita mlangoni nimpokee, na mie bado sija