Mama Ngalula Hakukuacha

Mdogo wangu mpenzi,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Unajua ninavyopenda kusifiwa, na humu ndani hakuna cha kunisifu. Isome polepole, kama unavyosoma kila kitu, na ukichoka iweke kando.

Ulikuwa na miaka kumi, mimi kumi na minane. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Baba alikuwa karani wa reli asiyejua afanye nini na mtoto asiyeitikia salamu. Jumapili, waumini walipojipanga nje ya kanisa kupeana mikono, wewe ulificha yako makwapani. Niliivuta kwa nguvu mbele ya watu, huku nikitabasamu. Ulipolia nilisema una kiburi. Mama Ngalula, jirani yetu aliyetoka Kasai, ndiye pekee ambaye alipokufikia alipiga makofi mawili mepesi ya salamu badala ya kukupa mkono, akaendelea na mstari.

Siku moja ukamfuata hadi kwake. Alikuwa mkekani akichambua maharagwe, nawe ukaketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo. Hakukuuliza kitu. Ukawa unaenda kila siku baada ya shule, na baada ya miezi ukaanza kumhesabia treni zilizopita, kwa sauti. Sisi nyumbani hatukuwa tumesikia sauti yako tangu mazishi ya Mama. Nilipaswa kufurahi. Niliona wivu.

Kisha ukaja ule mwaka Wakasai walipofukuzwa mkoani kwetu warudi kwao. Mama Ngalula na wanawe walitolewa nyumbani, wakalala gare, pale stesheni ya treni, pamoja na wenzao, wakisubiri treni. Wewe ulienda huko kama kawaida, ukaegemea mgongo wake katikati ya mabunda na sufuria. Vijana wa mtaa wakaanza kuniuliza mdogo wangu amekuwa Mkasai tangu lini. Nilikuwa kiongozi wa kwaya. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi ya woga niliona aibu. Nikaja nikakushika mkono, nikakuburuta hadi nyumbani. Kesho yake, ulipokuwa ukivaa viatu, nilikuambia:

"Usiende. Mama Ngalula alishaendaka na treni ya asubui."

Ulivivua vile viatu, ukavipanga ukutani. Hukulia.

Mdogo wangu, treni ilikuwa haijafika. Mama Ngalula alikaa pale siku kumi na moja zaidi. Siku ya tisa nilikutana naye kwenye bomba la maji, akaniuliza kama unaumwa. Nikasema ndiyo. Akashusha ndoo, akaniambia:

"Umuambie akuye tu, hata asiseme kitu. Miye siwezi kuenda bila kumuaga."

Sikukuambia. Ukanyamaza kabisa, nasi tukasema ni pepo, tukakupeleka kwenye maombi ambako watu sita walikushika kichwa mpaka ukajikojolea. Mimi nilikuwa mmoja wa wale sita. Mwishowe Baba alikupeleka Luena kwa Shangazi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu sasa ina miaka sita.

Vita hivi vimetuletea watu waliokimbia Malemba-Nkulu na Kabongo, wanalala katika madarasa ninamofundisha. Kanisa lilichagua walimu wachache tufundishwe kuwasikiliza watoto walioumizwa. Daktari aliyetufundisha alisema wapo watoto ambao kelele na kuguswa huwauma kweli. Ndivyo walivyozaliwa, si pepo wala malezi mabaya. Akasema mtoto aliyefiwa humsogelea mtu asiyemlazimisha, na ukimnyang'anya mtu huyo umemfanya afiwe mara ya pili. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini nikatoka nje.

Yupo msichana hapa anayejificha chini ya dawati kila ndege za jeshi zinapotua. Niliketi sakafuni karibu naye, mgongo wangu ukielekea kwake, nikanyamaza. Siku ya nne akauegemea. Mama yake akastaajabia ujanja huo, akaniuliza, "Madame, hii mayele ulijifunzaka wapi?" Nikamjibu, kwenye semina. Nikapokea shukrani zilizokuwa zenu, wewe na Mama Ngalula, na kinywa changu hakikutetemeka hata kidogo. Ndipo nilipojua kwamba nisipokuandikia sasa, nitakufa na uongo huu.

Mchuuzi aliyetoka Mwene-Ditu ameniambia Mama Ngalula yu hai, anaishi huko. Nilimtumia barua kwa mkono wa huyo mchuuzi, nikamweleza yote. Mimi hakunijibu. Alimtuma mchuuzi neno moja tu, kwamba mtoto wake, yaani wewe, aje.

Basi nimemwomba Shangazi akusindikize kwake treni itakapopatikana, kama wewe mwenyewe unataka. Usihangaike kunisamehe, wala kunijibu. Treni ya kutoka Luena lazima isimame hapa Kamina, pengine kutwa nzima. Natamani kukuona kuliko ninavyoweza kusema, lakini sitakuja gare. Safari hii hakuna atakayekuburuta kurudi nyumbani.

Ni mimi dada yako, niliyekutenganisha na Mama Ngalula.