Kilo za Tairi Nne

Lulindi, 4 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Leo nimeamua kukuambia yote bila kubakiza, hata kama utanikasirikia. Kwanza, hujambo? Mama hajambo? Bibi miguu bado inamsumbua? Mimi ni mzima, ila maharage ya shule siku hizi hayaivi.

Ni kuhusu likizo ya Juni, siku ya mbio, gari lako lilipozunguka kwenye kona ya kwanza pale uwanja wa zamani wa ndege, likabaki linatazama lilikotoka. Watu walicheka. Mama hakucheka. Alisema mbele ya wote, "Fortu, likizunguka tena, injini inakwenda kwa Awadhi akasagie mahindi." Ukakubali, kwa sababu ni dada yako mkubwa na alikuwa analia.

Mjomba, kosa si lako. Siku moja kabla uliniachia spana, ukasema nizungushe nati za springi za nyuma, mizunguko minne kila upande. Kushoto nilizungusha minne. Kulia nilifika miwili, Bibi akaita ugali unapoa, na niliporudi nikadhani nimemaliza. Nilikumbuka nikiwa kwenye basi la kurudi shule. Gari umeliunda miaka sita kwa mikono yako, nami nimeliharibu kwa mizunguko miwili.

Nisamehe. Usimpe Awadhi.

Mpwa wako,
Priska

Newala, 11 Agosti 2024

Mpwa wangu Priska,

Marahaba, mama. Sote wazima. Bibi anasema miguu yake ni ya zamani, isizungumzwe.

Barua yako niliisoma nikiwa nimelala chini ya gari, nikacheka mpaka nikajigonga. Nimekusamehe. Shida ni kwamba tangu Juni nami nimezungusha nati zile huku na huku nikitafuta ugonjwa, sasa hatujui nani kakosea wapi. Gari zito huficha kosa. Hili la kilo 540 hulisema papo hapo, kwenye kona.

Nimepata wazo. Msimu wa korosho haujafunguliwa, na mizani ya ghala imekaa bure. Karani Faridi ameniruhusu nipime tairi moja moja. Kwenye kiti changu tuliweka gunia la kilo sabini, ndilo mimi. Faridi kwa mazoea akataka kukata kilo moja ya gunia kwenye kila tairi. Nikamwambia, "Wewe, tairi haina gunia!" Akajibu, "Fundi, hapa kila kinachopanda kinakatwa."

Nilichopata ni hiki: mbele kushoto 150, mbele kulia 172, nyuma kushoto 208, nyuma kulia 186. Nimeziangalia namba hizo siku tatu, hazinionyeshi njia. Siku ya mbio ni Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Anayesoma fizikia ni wewe.

Mjomba wako,
Fortunatus

Lulindi, 14 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kichwa kimepona. Mimi sijambo, na furaha imenizidi kwa kuwa umenisamehe.

Nimejumlisha namba zako nikapata 716. Lakini gari ni 540 na wewe 70, jumla 610. Kilo 106 zimetoka wapi? Nilimwuliza Mwalimu Gideoni, huyu huyu anayetuletea barua kila akienda kwao Newala. Akanijibu neno moja tu: "Chora."

Nikachora. Mizani ya ghala imeinuka kama inchi nne, sivyo? Tairi moja ikipanda na tatu zikabaki chini, hiyo moja inabebeshwa uzito wa wenzake. Ni kama kitanda chenye mguu mmoja mrefu.

Weka mbao za inchi nne chini ya zile tatu, zote zilingane na mizani. Kisha jumlisha mbele kushoto na nyuma kulia; halafu mbele kulia na nyuma kushoto. Jumla hizo mbili zikikaribiana, gari limekaa sawa. Zikipishana, legeza nati panapolemewa, kidogo kidogo. Na uandike kila mzunguko, Mjomba. Tusiamini kichwa changu tena, wala chako.

Mpwa wako,
Priska

Lulindi, 1 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko? Mwalimu Gideoni amekwenda mara mbili akarudi mikono mitupu. Anasema gereji ilikuwa imefungwa, na nje aliona pikapu ya Awadhi.

Sitauliza zaidi. Kama injini imekwenda, niambie tu.

Mpwa wako,
Priska

Newala, 15 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Nisamehe kwa ukimya. Sikutaka kukuandikia matumaini kabla ya kona.

Awadhi alikuja kweli, na futi mkononi, kuona kama injini itaenea kwenye banda lake la kusagia. Hakunikuta gereji, akanifuata ghalani. Faridi akamkabidhi ubao, "Shika hapa kwanza." Basi pikapu ikawa ya kubebea mbao! Safari hii jumla ilikuja 611. Ile kilo moja ni Awadhi, alikuwa ameegemea gari. Pembe kwa pembe tukapata 290 na 321. Palipolemewa ni nyuma kushoto, palepale penye mkono wako. Nikalegeza, nikaandika, nikapima: 305 na 306.

Jana nimezunguka uwanja mara kumi. Ile kona ya kwanza niliipita mara zote kumi, gari limetulia kama limebandikwa. Mama yako mzunguko wa kwanza alinigeuzia mgongo. Wa tatu alikuwa amegeuka. Niliposhuka akasema, "Fortu, hicho kiti cha pili ni cha nani?"

"Cha abiria, dada."

"Na abiria naye anavaa helmeti?"

Anataka kupanda kwenye mbio zijazo, tarehe 5 Oktoba. Awadhi ameniomba nimtafutie injini nyingine.

Mjomba wako,
Fortunatus

Lulindi, 17 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo! Nimeruka bwenini mpaka matroni akaja. Pokea salamu zangu, na umsalimie Bibi.

Lakini vipimo vyetu vyote ni vya mtu mmoja. Mama akikaa kushoto, namba zote zinahama. Lazima tupime upya kabla msimu haujafunguliwa na mizani ya Faridi haijashikwa na korosho, tukiwa na magunia mawili: lako la kilo sabini, na la pili lenye uzito wa Mama hasa, si wa kukisia. Nawe unamjua dada yako. Hata akipimwa kliniki humwambia nesi aandike bila kusoma kwa sauti.

Mwalimu Gideoni anarudi Jumapili, nijibu kwa mkono wake: kati yako na mimi, ni nani atakayemwuliza Mama ana kilo ngapi?

Mpwa wako,
Priska