Kufumua Injini ya Kiroboto

4 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu zangu zikukute unakula vizuri. Kama umekonda usinijibu, njoo nikuone mwenyewe. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika, la kulia linamsema mwenzake, nimeyaacha yagombane.

Anayeandika ni yule yule shemeji yangu, Babu Mdogo wako, maana mimi darasani sikukaa hata siku ya kufagia. Na simu siitaki, kwenye simu unanikatiza. Nimemwambia aandike kila neno nitakalosema, hata nikimsema yeye. Andika, shemeji. Na hiyo pia iandike.

Kiroboto amekufa. Usije ukaangusha spana, nasema gari, si mtu. Juzi nilikuwa naupanda mlima wa sokoni, kigari kinavuta vizuri, nikasikia honi nyuma yangu. Nani? Huyu huyu mwenye kalamu, na ligari lake jeupe refu kama jeneza. Akanipita. Akanipita huku ananipungia mkono! Nikakanyaga mafuta mpaka kiatu kikagusa bati. Ko-ko-ko, halafu moshi wa buluu, halafu kimya. Watu wakanisukuma hadi nyumbani, wengine wanaimba.

(Mwandishi: Nilimpita kihalali, na taa niliwasha.)

Baba yako amesikia. Unamjua mwanangu, anauza bima, anaona ajali hata kwenye kikombe cha chai. Amesema mwisho wa Mei anakuja. Akimkuta Kiroboto hatembei, anamuuza kwa watu wa vyuma chakavu, na mimi ananihamishia kwake, kwenye chumba chenye kapeti na televisheni. "Mama, upumzike." Nipumzike, mimi ni kiti? Maisha yangu yote naombwa lifti, leo nianze kuomba mimi? Marehemu mume wetu aliponipa ule ufunguo hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Aliniuliza kama breki ninaijua iko wapi.

Wewe ni fundi wa injini, una vyeti vimejaa ukuta. Njoo uifumue. Na ukishaifumua usiirudishe ilivyokuwa, iongezee nguvu. Nataka kwenye ule mlima kuna mtu azione taa zangu za nyuma.

(Mwandishi: Mtu huyo amesikia.)

Ni mimi bibi yako, mke mwenzio


15 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Babu Mdogo, shikamoo na wewe, na pole kwa kazi ya kuandika matusi yako mwenyewe. Mimi mzima. Sijakonda hata kidogo, suruali ya kazi imeanza kunibana kiunoni, kwa hiyo lala usingizi.

Nitakuja Machi, nimeomba likizo. Kwa moshi ulionieleza, ringi za pistoni zimekwisha, na huo mlio wa ko-ko-ko ni beringi za chini. Nitaitoa injini yote na kuifungua mpaka bolti ya mwisho. Watu wanakidharau kigari kile kwa udogo, lakini tangu kiwandani kilitengenezwa kwa mbio. Kina uzito wa kabati na roho ya pikipiki. Babu alikijua, ndiyo maana alikuwa anarudi nyumbani anacheka.

Nguvu nitaiongeza, nakuahidi. Nitatanua silinda kidogo niweke pistoni kubwa zaidi. Nitaweka kamshafti kali, inayoziacha vali wazi muda mrefu zaidi ili injini ipumue. Kabureta, kile kinachochanganya mafuta na hewa, zitakuwa mbili badala ya moja. Turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, sikuwekei. Najua umeshafungua mdomo, ufunge. Na breki mpya zinatangulia kabla ya yote hayo.

Mimi pia simtaki Kiroboto kwenye vyuma chakavu, Bibi. Wewe ukihamia kwa Baba, mimi likizo nitakuja kwa nani? Nitakaa na wewe kwenye kapeti, tunaangalia taarifa ya habari?

Mjukuu wako, mke mdogo


20 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, mgongo tu unauma. Goti la kushoto linaendeleaje, bado linasemwa? Asante kwa kunishikia tochi wiki nzima, ingawa ulimulika uso wangu kuliko bolti.

Bloku, krenki na silinda hedi, yaani mwili, mhimili na kichwa cha injini, nimeshavipeleka karakana ya kuchonga vyuma. Mambo yakienda hivi, katikati ya Aprili injini inawaka, na unabaki na mwezi mzima kabla Baba hajaja.

Jambo moja. Yule dereva wa lori lililonibeba mimi na injini alivyokuwa anapiga honi, nimesahau sinia chini ya kitanda chako. Lina konrodi nne, ile mikono ya chuma inayoshika pistoni. Nitumie kwa basi jinsi zilivyo. Usizifungue. Usizitenganishe na kofia zake, vile vifuniko vya chini. Usizifanye chochote, Bibi, nakuomba.

Mke mdogo


21 Machi

Mke mwenzangu,

Umefika? Umekula nini njiani? Biskuti si chakula, narudia kukwambia.

Nakuandikia kabla barua yako haijanifikia, maana nina habari ya kukufurahisha. Ulisahau sinia chini ya kitanda changu. Nimevuta, nikakuta vyuma vyeusi, vinanata, vinanuka. Nikajiuliza, huyu ni mke wa nani anaacha uchafu huu chini ya kitanda cha mtu? Nimechukua spana za mume wetu, nikafungua bolti zote, kila kitu peke yake, nikasugua kwa waya wa sufuria, sabuni na majivu. Kulikuwa na maandishi ya kalamu ya buluu, hayo yalinitoa jasho, lakini kwa mafuta ya taa yalikubali. Sasa vinang'aa, unaweza kujitazamia meno. Nimevipanga kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

(Mwandishi: Nilimwambia huenda maandishi yale yana maana. Akasema maana ya uchafu ni uchafu.)

Usinishukuru. Wewe kula.

Bibi yako


27 Machi

Bibi,

Shikamoo.

Kabla ya kuandika nimekaa kwanza juu ya tairi, nikanywa maji. Wenzangu gerejini wamedhani nimefiwa.

Sikasiriki. Nakueleza tu. Kila konrodi ilichongwa pamoja na kofia yake, kama meno ya juu na ya chini ya mtu mmoja. Kofia ya hii haikai kwa ile. Namba za kiwandani zilishafutika zamani, ndiyo maana niliandika kwa kalamu ya buluu. Wewe umechukua meno ya watu wanne, ukayang'arisha, ukayachanganya kwenye kabati.

Hapo hakuna kubahatisha. Nikikosea, beringi zitakatika siku ya kwanza. Zote nne lazima zichongwe upya, na karakana ile ina foleni. Injini haitawaka Aprili. Tukijaliwa sana ni katikati ya Mei, na Baba atakuwa anafunga begi.

Zitume haraka. Na usizioshe tena.

Mke mdogo


4 Aprili

Mke mwenzangu,

Hujambo? Umenisema, nimesikia. Nilikasirika, nikapika, nikala, nikapoa. Nimezituma kwa basi la asubuhi, zimeviringishwa shuka langu jema, na shuka nalitaka lirudi. Moja ilikuwa na alama ya kidole cha shemeji. Sikuifuta. Niliiangalia mpaka boksi likafungwa, na moyo uliniuma.

Mimi mzima, ila silali vizuri. Baba yako amepiga simu anasema amenunua mapazia ya kile chumba. Rangi ya maziwa. Mtu akisema tu, unaweza kumgeuza. Mtu akinunua mapazia, ameshakuhamisha moyoni. Nimekwenda kukaa ndani ya Kiroboto, bila injini, nikashika usukani. Kuku mmoja ametaga kiti cha nyuma, nikamwambia tuko sawa, wewe na mimi, hatuna pa kwenda.

(Mwandishi: Hapa aliinuka akaenda dirishani kulitazama gari. Nimeandika ili ujue.)

Nani amekwambia uandike hiyo? Fanya haraka, mwanangu.

Bibi yako


20 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo, na hongera. Nimerudi salama kazini kutoka kukufungia injini. Mikono bado inanuka oili, na masikio bado yanausikia ule mlio. Ulipowasha mara ya kwanza nilikuona unafuta macho. Usiniambie ni moshi, ile injini haitoi moshi.

Sasa nisikilize. Babu Mdogo, sehemu hii msomee mara mbili, kwa sauti.

Injini mpya haikimbizwi. Ringi na silinda ni wageni, hazijazoeana, na zinazoeana taratibu au hazizoeani kabisa. Mpaka zipite kilomita elfu moja, usikanyage mafuta zaidi ya nusu. Usiilazimishe mlimani, punguza gia upande polepole. Usishindane na mtu yeyote, awe na gari jeupe, awe na punda. Ukiikimbiza sasa utaiunguza, na safari hii hatuna muda wa kuifumua tena. Baba atakukuta na moshi, na mapazia yako yanakusubiri.

Najua nakuomba kitu kigumu kuliko kufufua gari. Nivumilie.

Mke mdogo


6 Juni

Bibi,

Shikamoo. Mko hai huko? Simu yako inaita, hupokei. Baba hapokei. Nimempigia Babu Mdogo, amesema "subiri barua" akakata. Barua gani ya kusubiriwa namna hii? Injini imeungua? Umeshahamishwa? Nimefunga gia ya mteja kinyume leo asubuhi kwa sababu yako. Niambie hata neno moja.

Mke mdogo


10 Juni

Mke mwenzangu,

Tuliza roho, na mteja umwombe radhi. Mimi mzima. Magoti yamepatana. Simu sikupokea kwa sababu jambo hili sikutaka kukatizwa.

Baba yako alikuja na shajara yake na uso wa mazishi. Hakukaa hata chai ikapoa. "Mama, nionyeshe hilo gari linavyotembea." Nikamwambia ingia. Akafunga mkanda, akauvuta mara mbili, akashika kile kishikio cha juu kwa mikono yote miwili kama mtu anayening'inia kisimani.

Nikawasha. Mwanangu, inaunguruma kwa heshima! Nikaondoka taratibu, nusu ya mafuta, kama ulivyoamuru. Nikapitwa na baiskeli. Nikapitwa na mama aliyebeba ndoo, akanisalimia akapita. Tukafika chini ya mlima, nikapunguza gia. Nikageuka nimwambie kitu baba yako, namkuta amelala. Amelala! Mdomo wazi, mikono imeachia kishikio, kichwa kimeegemea kioo. Mtu wa bima.

Na hapo hapo nikasikia honi.

Unamjua. Akaja na jeneza lake jeupe, akakaa ubavuni mwangu, akateremsha kioo, akaniambia, "Shemeji, nikuvute kwa kamba?"

(Mwandishi: Nilitaka mwanawe auone uvumilivu wake.)

Mwongo! Alijua siwezi kumjibu. Mguu uliniwasha, mwanangu. Ile injini yako nilikuwa naisikia chini ya kiatu, inaniomba. Baba yako amelala, asingeona. Nikamtazama. Nywele zimeanza mvi na bado analala kama nilipokuwa namfunga mgongoni. Nikiwa naye mgongoni sikuwahi kukimbia hata mvua inyeshe. Nikasema nenda, shemeji, nenda zako. Akanipita na kumpungia mkono mtu aliyelala. Nikikwambia nilivumilia kwa ajili ya ringi zako, nitakuwa nakudanganya.

Juu ya mlima akaamka. Akajifuta mdomo, akaniambia, "Mama, umebadilika. Unaendesha kama mtu mzima." Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikamwambia sijabadilika chochote, ni amri ya binti yako, injini haijazoea. Kilomita elfu zikitimia nitaupanda mlima huu kama mwanzo, na zaidi, maana sasa nina kabureta mbili.

Akanigeukia mwili mzima. Nikajua nimejimaliza. Nikaanza hata kuyaona yale mapazia.

Akasema, "Mama, mimi sikuogopa gari. Niliogopa kwamba huwezi tena kujizuia. Amekupita Baba Mdogo, wewe ukamwacha aende?" Kumbe honi ilikuwa imemwamsha mapema, alikuwa ananitazama kwa jicho moja! Nikamwambia nilimwacha, na iliniuma. Akacheka mpaka mkanda ukamkaba. Akasema mtu anayeweza kwenda polepole akiamua, yeye hamnyang'anyi ufunguo. Mapazia atayaweka chumba cha wageni, na mgeni nitakuwa mimi, nikienda na kurudi kwa gari langu. Amekaa kwangu siku zote hizo, kila asubuhi ananiambia twende tuzunguke, na kila asubuhi analala. Ameondoka jana. Nadhani nyumbani kwake hapati usingizi.

Sasa sikia. Kilomita bado hazijatimia, na mimi kuzunguka sokoni nusu ya mafuta kumenichosha, watoto wamezoea kunipita mbio. Shemeji amepiga hesabu, anasema kutoka kwangu hadi kwako zinatimia zote na kupita kidogo. Kwa hiyo nakuja. Polepole, usiogope. Shemeji nimempakia anisomee vibao vya njiani. Weka oili mpya tayari, umwambie mlinzi wa gereji afungue geti lote, na uwe umekula.

Barua hii siiposti. Nitakukabidhi mkononi.

Bibi yako, mke mwenzio

(Mwandishi: Ninaandikia magotini, tumeshatoka. Zimebaki kilomita tisini zitimie zile elfu moja, na ameanza kuvua viatu, anasema mafuta atayakanyaga kwa mguu mtupu.)