Ile Filme Isiyo na Namba za Simu

Bukavu, Ibanda

Maman yangu mupenzi,

Yambo sana. Mimi Wabiwa niko muzima huku, ninakula vizuri, na kile kikohozi cha mvua kimeisha. Na wewe je? Goti linakuacha ufike shamba? Réseau ya Shabunda imenishinda. Nimepiga simu mara ngapi sijui, nasikia tu yule mwanamuke wa Kifaransa akiniambia nijaribu tena. Ndiyo maana nimeshika bic nikuandikie. Barua inakuja na Tonton Musafiri kwa ndege, pamoja na vitenge vyake vya kuuza. Usome mupaka mwisho kabla hajarudi huku, juu ya kitu atakachoniletea.

Unakumbuka filme yetu, ile uliyocheza mama mukwe mukali, ulipokuja kungojea mutoto wa dada Neema azaliwe? Kuna maison moja, kampuni ya ng'ambo, inayoonyesha filme kwa internet, watu wanalipa na kutazama kwa simu popote walipo. Wameipenda! Dieudo, patron wangu aliyeitengeneza, alicheza ndani ya bureau mupaka kiti kikavunjika. Kazi ya kutayarisha mafaili akaniachia mimi: sauti isipande na kushuka ovyo, maneno yote yaandikwe Kifaransa chini ya picha, affiche, ile picha ya kutangaza filme, iwe na kipimo chake. Matusi yako kwa yule mukamwana yalinichukua siku mbili. Kifaransa hakina hasira ya kutosha, maman, nakuapia.

Kupandisha faili kulichukua siku nne, kila courant ya umeme ikikatika narudi mwanzo. Halafu jibu likaja: filme imekataliwa, juu ya zile namba za simu.

Unazijua. Dieudo, kama wenzake wote hapa, anaogopa wezi wa kukopi filme, basi alipitisha namba zake mbili chini ya picha toka mwanzo mupaka mwisho. Wale wa ng'ambo wanataka picha safi, na wametupa muda mupaka mwisho wa mwezi. Na disque ya kompyuta yenye picha safi iliungua siku courant iliporudi na nguvu. Mafundi wawili waliifungua, wote wakatikisa kichwa.

Dieudo akasema tukate sehemu ya chini. Tukakata. Maman, ungecheka! Sahani zimepotea, sufuria ya majani ya sombe imepotea, watu wanainama, wanachota hewa na kulamba vidole. Akafunika namba na mustari mweusi, sasa filme nzima ikavaa mukaba. Mwishowe akakaa chini akashika kichwa. Ni miaka miwili ya kazi yake, na pikipiki aliiuza ili aimalize. Nilimuhurumia kabisa.

Hapo ndipo nilikumbuka hasira yako. Siku tulipoonyesha filme kwa jamaa, watu wote wanapiga makofi, wewe ukasimama: "Nani huyu anapitisha namba ya simu juu ya mikono yangu? Mimi niko nauza unités za simu?" Ukakataa hata kinywaji. Siku tatu hukuniongelesha! Basi, kwa kutafuta amani, nilikutengenezea kopi yako peke yako, bila namba hata moja, kubwa kama ilivyo, bila kupunguzwa, nikaitia ndani ya ile flash nyekundu uliyorudi nayo. Dieudo sikumwambia, angenifukuza.

Juzi nilimwambia. Akaniuliza:

"Wabiwa, ulitoa filme yangu bila namba, ikaenda Shabunda?"

"Ndiyo, patron. Iko kwa maman."

Nikangojea kufukuzwa. Kumbe analia na kucheka pamoja! "Andika barua sasa hivi," akasema. Hata bic hii ni yake.

Kwa hiyo, maman, nakuomba sana: umupe Tonton ile flash mukononi, aiweke ndani ya mufuko wa shati, si ndani ya mizigo. Kama iko kwa televizioni ya Maman Pasta, ukaitoe leo, kabla hajaifuta na kutia nyimbo za korali. Kopi nyingine hatuna. Najua majirani wanakuja kukutazama kila Jumapili baada ya ibada, na najua itakuuma kuiacha. Itarudi. Nitaileta mimi mwenyewe.

Kitu kingine. Ile maison inataka jina kamili la kila mutu aliyecheza. Sisi tulikuandika "Mama Wabiwa" tu, kama wote wanavyokuita tangu nizaliwe. Nimelifuta, nimeandika Feza Wakilongo. Nililitazama sana lile jina, sikuwa nimeliandika tangu fiche za shule. Liko la kwanza, juu kabisa, na hakuna namba itakayopita juu yake.

Salimia papa, umwambie miwani yake nimeshaipata, Tonton anayo. Salimia koko, muzee wetu, umushike mikono yote miwili kwa ajili yangu. Na Maman Pasta umwambie asinichukie, korali yake nitaitafutia flash nyingine.

Ni mimi, yule uliyemunyima maneno siku tatu. Aksanti kwa kukasirika, maman.

Wabiwa